Maji ya Kidimbwi Yakichafuka, Tazama Chupa Kwanza

Mtu atokaye Thika kwa barabara kuu ya Garissa hupanda Yatta na kuukuta mji wa Matuu katikati ya nchi kavu. Mvua hapa ni haba, na mwaka mwingine hukosekana kabisa. Hata hivyo kuna mashamba yenye nyanya, mipapai, migomba na mboga za kijani, na sababu yake ni Mfereji wa Yatta. Mfereji huu, wenye urefu wa kilometa zipatazo 60, hutoa maji katika Mto Thika na kuyaleta mpaka huku. Ulichimbwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na waliouchimba ni watu waliokuwa wamewekwa kizuizini na serikali ya kikoloni. Leo mkulima afunguapo mlango wa maji shambani kwake, hufungua kazi ya mikono ya watu hao.

Maji haya hayanyweshi mimea tu. Wakulima wengine wamechimba vidimbwi na kufuga perege, yule samaki ambaye wengi humwita tilapia, na wengine hufuga kambare. Ufugaji wa samaki si jambo geni katika Kenya. Majaribio ya kufuga perege yalianza mwaka 1924, na kituo cha samaki cha Sagana kilianzishwa mwaka 1948. Tena mwaka 2009 Serikali ilianza mpango mkubwa wa kuchimba vidimbwi 200 katika kila jimbo la uchaguzi, katika majimbo 140. Kila kidimbwi kilikuwa na eneo la meta za mraba 300, nacho kilitiwa vifaranga wapatao 1,000. Vidimbwi vingine vya mpango ule vina samaki hata sasa, na vingine vimekuwa mashimo ya vyura. Ukiuliza kwa nini, utasikia mambo mengi: chakula cha samaki ni ghali, maji yalikauka, ndege walimaliza samaki. Lakini mara nyingi utasikia pia neno hili: “Maji yalichafuka.”

Makala haya ni juu ya neno hilo.

Mama mmoja ambaye shamba lake linapata maji ya mfereji alipatwa na hasara ambayo ingaliweza kuepukwa. Kidimbwi chake ni cha kiasi kile cha meta 300 za mraba, na samaki wake walikuwa wamebakiza muda mfupi tu kufikia ukubwa wa kuuzwa. Fedha zake zilikuwa zimekwisha kupangwa: karo ya shule ya muhula wa Januari. Mvua za vuli zilipoanza, maji ya mfereji yakaja mekundu kama matofali, naye akayaingiza kidimbwini kama kawaida yake. Baada ya siku kumi maji yalikuwa bado mekundu. Jirani akamwambia kwamba chokaa husafisha maji. Neno hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana lilikuwa la hatari. Mama akachukua mfuko wa chokaa ya kujengea uliosalia nyumba ilipopakwa, akaumwaga wote majini wakati wa jioni. Alfajiri aliokota samaki waliokufa, karai baada ya karai.

Siku mimi na afisa wa samaki tulipofika kwake, alituonyesha mahali alipowafukia, chini ya migomba.

“Mwanangu,” alimwambia afisa, “nilitaka kusafisha maji tu. Je, chokaa si dawa?”

“Ni dawa, Mama,” akajibu afisa. “Lakini hatujajua maji yako yalikuwa na ugonjwa gani.”

Kisha akaomba chupa nyeupe.

KIPIMO CHA CHUPA

Kipimo hiki hakigharimu hata senti. Chukua chupa isiyo na rangi, ya lita moja, uioshe vizuri. Ingia majini polepole, usitibue tope la chini. Izamishe chupa mpaka kina cha kiwiko, ndipo uifungue mdomo ijae. Uilete nyumbani, uiweke mahali ambapo haitatikiswa, na nyuma yake uweke karatasi nyeupe. Iache mpaka kesho yake.

Asubuhi utaona mojawapo ya mambo haya. Huenda maji yakawa safi na tope limelala chini. Basi hilo ni tope la chembe nzito, nalo litatulia kidimbwini pia likiachwa litulie. Au huenda maji yakawa bado mekundu au ya kahawia, na hata siku ya tatu yakabaki vile vile. Huo ni udongo wa mfinyanzi, wenye chembe ndogo mno. Huenda tena maji yakawa na rangi ya kijani, na ukitazama sana kwenye mwanga ukaona vitu vidogo kama vumbi, vingine vikitembea. Hayo ni maji yenye uhai, na uhai huo ni chakula cha perege. Au mwisho, maji yakawa na rangi ya kijivu au nyeupe kama maji yaliyooshewa mchele, nayo yananuka. Huo ni uozo.

Kila uchafu una chanzo chake na dawa yake, na dawa ya mmoja yaweza kuwa sumu kwa mwingine. Chupa ya yule mama ilikaa siku tatu juu ya kabati, nayo ikabaki nyekundu. Ulikuwa udongo wa mfinyanzi. Ile chokaa aliyotia ilikuwa kali mno. Chokaa ya kujengea huyaunguza maji na kuharibu ngozi na mashavu ya samaki. Chokaa ya shambani, ile ya mawe yaliyosagwa, ni nyingine, nayo ni pole. Majina yao yanafanana lakini kazi zao ni mbalimbali, na mwenye duka hatakuuliza kama una samaki.

UDONGO USIOTULIA

Wakulima wengi hushangaa kwamba tope laweza kukaa majini majuma mawili bila kuanguka. Sababu yake ni hii. Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo sana, na kila moja ina nguvu ya umeme ya namna moja juu yake. Basi chembe hizi husukumana, kama sumaku mbili zisivyokubali kugusana zikielekezwa ncha za namna moja. Kwa kuwa hazigusani, haziwezi kushikana na kuwa bonge, na kwa kuwa si bonge, hazina uzito wa kuzama.

Samaki hawafi upesi kwa udongo mtupu. Perege na kambare ni wavumilivu, na maji lazima yawe mazito sana kabla hayajawaua wakubwa. Hasara yake ni ya polepole. Jua halipenyi maji mekundu, kwa hiyo vile vijimea vidogo ambavyo ni chakula cha bure cha perege havioti. Chakula unachowatupia hawakioni, nacho huzama na kuoza. Mayai na vifaranga hufunikwa na tope. Mtaalamu mmoja wa Marekani, D. H. Buck, alichapisha mwaka 1956 habari za mabwawa ya mashamba katika Oklahoma. Alikuta kwamba mabwawa yenye maji safi yalitoa uzito wa samaki zaidi ya mara tano kuliko yale yenye tope. Samaki wale hawakuwa perege, na sisemi kwamba Matuu hesabu itakuwa ile ile. Hata hivyo mkulima ambaye samaki wake hawakui, naye anazidi kununua chakula, yafaa atazame maji kabla ya kumlaumu aliyemuuzia vifaranga.

Dawa ya udongo huu ni kitu kitakachoondoa kule kusukumana, ili chembe zishikane na kuzama. Jasi hufanya kazi hiyo. Jasi ni lile jiwe jeupe laini lisagwalo na kutiwa katika saruji, tena hutumika mashambani kurekebisha udongo wa magadi. Haiyaunguzi maji kama chokaa kali. Kiasi chake ni kati ya gramu 100 na gramu 300 kwa kila meta moja ya ujazo wa maji. Tofauti hiyo ni kubwa, na maana yake ni kwamba lazima upime kwa maji yako mwenyewe kabla ya kununua magunia.

Afisa alimwonyesha mama hivi. Tuliteka ndoo nne za lita 20 kutoka kidimbwini. Dukani tulikuwa tumepimiwa gramu 20 za jasi katika mizani, tukazigawanya juu ya karatasi kuwa mafungu kumi yaliyo sawa, kila fungu gramu 2. Ndoo ya kwanza haikutiwa kitu. Ya pili ilitiwa fungu moja, ya tatu mafungu mawili, ya nne mafungu matatu. Kila moja ilikorogwa vizuri kwa mti na kuachwa. Fungu moja katika ndoo ya lita 20 ni sawa na gramu 100 kwa meta ya ujazo. Mawili ni 200. Matatu ni 300. Kesho yake ndoo ya pili ilikuwa bado na wekundu kidogo, lakini katika ya tatu mama aliuona mkwaruzo ulio chini ya ndoo yake. Basi gramu 200 zilitosha, na hakukuwa na haja ya kununua za 300.

Hesabu ya kidimbwi ni rahisi. Zidisha urefu kwa upana, kisha kwa kina cha wastani. Kidimbwi cha meta 300 za mraba chenye kina cha wastani cha meta moja kina maji meta 300 za ujazo. Gramu 200 mara 300 ni kilo 60. Jasi hiyo hukorogwa katika pipa, kidogo kidogo, na kumwagwa juu ya maji yote asubuhi isiyo na upepo. Usiirundike mahali pamoja, maana haitafika kwingine.

Watu wengine hutumia shabu, ile iuzwayo kwa kusafishia maji ya kunywa. Ina nguvu kuliko jasi. Gramu 15 hadi 25 kwa meta ya ujazo hutosha mara nyingi. Lakini shabu huyafanya maji kuwa makali kama ndimu, na katika maji yasiyo na chokaa ya asili yaweza kuua samaki wote. Mimi singemshauri mkulima aitumie peke yake bila afisa kupima maji kwanza. Juu ya mbegu za mlonge, ni kweli kwamba unga wake hutuliza tope la maji ya ndoo, na akina mama wa Sudan walio kando ya Nili wamezitumia hivyo tangu zamani. Kwa ndoo ya nyumbani ni jambo jema, ingawa maji hayo bado lazima yachemshwe. Kwa kidimbwi ungehitaji magunia ya mbegu, na mabaki yake yangeoza na kukuletea ugonjwa mwingine.

TOPE HUZALIWA KILIMANI

Lakini afisa hakumruhusu mama anunue jasi siku ile. Alimwambia, “Mama, ukitia leo, mvua ya kesho itarudisha wekundu.” Kisha tukauzunguka ukingo wa kidimbwi.

Kingo zilikuwa tupu bila jani. Upande wa juu palikuwa na njia ya ng'ombe iliyoteremka moja kwa moja hadi majini, na mvua ilikuwa imeifanya kijito. Ng'ombe walikunywa humo humo, wakikanyaga ukingo. Bomba la kuingiza maji lilikuwa limeinuliwa, na maji yalianguka kwa kishindo juu ya udongo na kuuchimba. Mama alikuwa na viwanda vinne vya tope katika shamba moja, naye alikuwa anafikiria mfereji tu.

Watu wa Machakos hawahitaji kufundishwa kuzuia udongo. Matuta ya fanya juu yanajulikana mbali kwa sababu ya nchi hii, ambayo katika miaka ya 1930 wataalamu waliiona kama nchi iliyokwisha kuharibika. Ni ajabu basi kwamba mtu mwenye matuta mazuri katika shamba la mahindi huchimba kidimbwi na kusahau yote. Yafaa kuchimba mtaro upande wa juu wa kidimbwi, ili maji ya mvua yazunguke na kwenda shambani yasiingie kwa samaki. Kingo zipandwe nyasi zitambaazo. Miti isipandwe ukingoni, maana mizizi hutoboa na majani huoza majini. Ng'ombe wawekewe birika mbali. Chini ya bomba la kuingizia maji paweke mawe bapa, maji yaangukie hapo.

Na kwa maji ya mfereji wenyewe, ni vema kuwa na shimo la kutulizia. Mto Thika hutoka katika milima ya Nyandarua na kupita nchi yenye mashamba mengi kabla ya kutufikia, na mvua za kwanza huuosha udongo wa wote. Udongo huo huo ndio unaojaza bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, na huko hata wahandisi unawatia mashaka. Shimo la mkulima si lazima liwe kubwa. Maji yaingie upande mmoja, yakae usiku na mchana, na yatoke upande wa pili kwa juu, si kwa chini. Tope zito litabaki shimoni, nawe utalizoa wakati wa kiangazi na kulirudisha shambani, kwa kuwa ni udongo mzuri. Tena siku mbili tatu za kwanza za mvua kubwa, kama samaki wako wana maji ya kutosha, funga mlango kabisa. Maji yale ya kwanza ndiyo mabaya kuliko yote.

Kuna jambo moja la samaki wenyewe. Perege dume huchimba viota chini ili jike atage, na katika kidimbwi chenye udongo laini hutibua maji kila siku. Hilo halina dawa ila kupunguza wingi wao. Kidimbwi kilichojaa perege wadogo waliozaliana hakitakuwa na maji safi wala samaki wakubwa.

MAJI YA KIJANI SI UGONJWA, MPAKA YAZIDI

Mkulima mwingine wa karibu alikuja na malalamiko ya kinyume. Maji yake yalikuwa ya kijani, naye alitaka yawe meupe kama ya bomba. Afisa alicheka, akamwambia kwamba watu wengi wangempa fedha ili wapate maji kama yale. Kijani hicho ni vijimea, na perege huvila bure. Ndiyo sababu tunatia samadi kidimbwini. Maji maangavu mpaka chini ni shamba lisilopandwa kitu.

Lakini kijani huweza kuzidi, na hapo huwa hatari kuliko tope jekundu, kwa kuwa huua usiku mmoja. Mchana vijimea hutoa oksijeni majini kwa nguvu ya jua. Usiku havitoi, navyo huvuta oksijeni kama samaki. Vikiwa vingi mno, karibu na alfajiri oksijeni huwa imekwisha. Utawaona samaki juu ya maji, midomo wazi, wakitafuta hewa. Jua likipanda huzama tena, nawe utafikiri walikuwa wanacheza. Hawachezi, Bwana. Hiyo ni barua ya kwanza, na huenda ya pili isije.

Kuna kipimo cha mkono. Adhuhuri, jua likiwa utosini, zamisha mkono ulionyooka majini. Kiganja kikipotea kabla maji hayajapita kifundo cha mkono, kijani kimezidi. Kikipotea maji yakiwa katikati ya kifundo na kiwiko, ni vizuri. Ukikiona wazi hata maji yamepita kiwiko, vijimea ni vichache, na samadi kidogo yafaa. Ukitaka kipimo bora kuliko mkono, chukua kifuniko cha mkebe chenye upana wa sentimeta 20, ukigawe sehemu nne, upake mbili rangi nyeupe na mbili nyeusi. Kitoboe katikati, ukifunge uzito chini na kamba juu yenye fundo kila sentimeta 10. Kitumbukize polepole mpaka kisionekane. Kati ya sentimeta 30 na 45 ndipo panapotakiwa. Chini ya 20 usilale. Kumbuka kwamba kipimo hiki ni cha maji ya kijani. Kikipotea katika maji mekundu hakikuambii lolote juu ya chakula.

Kijani kikizidi, acha samadi na upunguze chakula siku hiyo hiyo. Toa maji ya chini, si ya juu, hata theluthi moja, na uingize mapya yakianguka kutoka juu ili yachukue hewa. Kama ni alfajiri na samaki wanatweta, usiwape chakula. Washa pampu uyarushe maji ya kidimbwi juu yake mwenyewe, au kama huna pampu, watu wa nyumbani waingie na ndoo, wateke na kumwaga kwa nguvu mpaka jua litoke. Usitie dawa ya kuua vijimea vyote mara moja, kwa kuwa vikifa pamoja vitaoza pamoja, na uozo utamaliza hewa iliyobaki. Jambo hilo hilo hutokea bila dawa katika miezi ya Juni mpaka Agosti, mawingu yanapofunika nchi siku nyingi mfululizo. Ukiona kijani kimegeuka ghafula kuwa kahawia au kijivu wakati huo, vijimea vimekufa. Ingiza maji mapya usingoje kesho.

TANGI LA KIOO LA MJUKUU

Tulipokuwa tukinywa chai, mjukuu wa yule mama, mvulana wa shule, alitutolea malalamiko yake mwenyewe. Ana tangi la kioo la lita 40 sebuleni, lenye perege wadogo aliowatoa kidimbwini. Kwanza alilijaza maji ya mfereji, yakawa mekundu. Akayamwaga, akatia mengine yaliyotulia ndani ya pipa siku nne, yakawa maangavu. Akafurahi, akatia samaki kumi na wawili na chakula kingi. Baada ya siku tano maji yakawa meupe kama maji ya mchele. Akaosha kila kitu, mchanga, mawe na sifongo ya kuchujia, kwa maji ya bomba. Yakawa maangavu tena siku mbili, kisha meupe kuliko kwanza, na samaki watatu wakafa.

Afisa alimsikiliza kama alivyomsikiliza bibi yake. Weupe ule, alisema, ni bakteria, vijidudu vilivyozaliana kwa kula chakula kilichobaki. Kuna bakteria wengine walio wema, ambao huigeuza sumu itokayo katika samaki wenyewe kuwa kitu kisichodhuru sana. Hao hukaa juu ya mchanga na ndani ya sifongo, nao huchukua kama majuma manne hadi sita kuenea katika tangi jipya. Kijana alipoosha kila kitu kwa maji ya bomba yenye klorini, aliwaua wale wema na kuanza upya.

Basi akaagizwa abakize samaki wanne tu, na wengine warudi kidimbwini. Chakula kiwe kidogo, mara moja kwa siku, kiasi cha kuliwa chote katika dakika chache. Kila juma atoe robo ya maji, siyo yote, na atie mengine yenye joto lile lile. Yakiwa ya bomba, yakae wazi siku nzima kwanza klorini itoke. Sifongo ioshwe ndani ya beseni lenye maji yaliyotolewa katika tangi, siku tofauti na mchanga. Na tangi liondolewe dirishani, jua lisije likalifanya la kijani. Weupe utakwisha wenyewe. Dawa za kuung'arisha ziuzwazo mjini huficha jambo tu.

Mama alisikiliza yote hayo, kisha akauliza kama kidimbwi chake nacho chaweza kupata weupe huo. Chaweza. Pumba za mahindi zikitupwa kwa debe, au samadi mbichi ikirundikwa pembe moja, maji huwa ya kijivu na kunuka, na samaki hutweta hata mchana. Dawa ni ile ile: acha kulisha, toa uozo, badilisha sehemu ya maji. Chakula cha kidimbwini kitupwe mahali pamoja kila siku, asubuhi na alasiri, na kile kisicholiwa kwa dakika kumi au robo saa kipunguzwe kesho yake.

Tulirudi Matuu baada ya mvua kupungua. Mtaro wa juu ulikuwa umechimbwa, na udongo wake umetupwa upande wa kilimani kama wafanyavyo katika fanya juu. Nyasi za ukingoni zilikuwa zimeshika. Njia ya ng'ombe ilikuwa imezibwa kwa miiba, na mzee mmoja wa jirani alikuwa bado ana kinyongo kwa ajili ya miiba hiyo. Shimo la kutulizia lilikuwa nusu tu, kwa sababu vijana wa kuchimba walikuwa wamekwenda kuvuna maharagwe. Jasi ilikuwa imetiwa siku sita kabla. Mama alizamisha mkono, na kiganja chake kikaonekana mpaka maji yakakaribia kiwiko, yakiwa na ukijani mdogo wa kwanza. Vifaranga wapya alikuwa amekwisha kuwaagiza, 600 badala ya 1,000, maana fedha hazikutosha. Chupa ilikuwa bado juu ya kabati, karibu na tangi la mjukuu, imejazwa maji ya asubuhi ile.

Mkulima ambaye chupa yake imemshinda kusoma aichukue pamoja na nyingine ya maji ya mfereji, aziandike majina, na azipeleke kwa afisa wa samaki wa kaunti siku ile ile aliyoteka. Maji yaliyokaa juma zima ndani ya chupa hayasemi tena habari za kidimbwi.